Kwetu Kuko Kijani

Nina mdomo. Mama aliliona hilo kabla sijaanza shule, walimu wakalithibitisha, na baba wa wanangu alilitaja miongoni mwa sababu za kuondoka kwake. Naanza na hilo ili anayesoma asidhani kwamba nilichomfanyia yule binti nilikifanya kwa kunyamaza tu. Kabla ya kunyamaza nilisema mengi, na yote niliyasema kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake.

Mimi ni fundi wa laini za data. Sizungumzii laini za simu za mkononi ambazo kila mtu anazo. Wateja wangu ni makampuni, na wanachonunua ni njia ya peke yao, kutoka jengo lao la hapa hadi jengo lao la kule, asipite mtu mwingine yeyote. Ni kama kampuni imejichimbia mfereji wake yenyewe, na kazi yangu ni kuhakikisha mfereji hauzibi. Nimepanga vyumba viwili mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, mimi na wanangu wawili, na kutoka hapo nahudumia wateja wa upande huu wote hadi Makambako. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Kila unapokaribia kuisha, naanza kuhesabu kila shilingi.

Mteja ninayemkumbuka hapa alikuwa na kiwanda cha kufungasha parachichi Makambako na ofisi kuu Njombe. Wakulima wanaleta matunda, yanapimwa, yanaoshwa, yanachambuliwa, yanaingia kwenye katoni, na kila katoni inabandikwa lebo inayoonyesha tunda limetoka shamba gani. Katoni isiyo na lebo haipandi kontena, hata kama tunda ni zuri kiasi gani. Lebo hizo zilikuwa zinatoka kwenye kompyuta ya Njombe, zinapita kwenye laini yangu, zinachapishwa Makambako. Mwenye kampuni hakutaka njia nyingine yoyote. Aliwahi kuibiwa taarifa zake huko nyuma, akaapa kwamba vitu vyake vitapita kwenye waya wake au havitapita kabisa.

Aliyesimamia kompyuta pale kiwandani alikuwa binti wa Kikinga kutoka Makete, miaka ishirini na kidogo, mwembamba, mwenye sweta moja la bluu alilolivaa kila siku niliyomkuta. Mimi ni Mbena. Siku ya kwanza tulipoonana alinisalimia kwa lugha yangu, "Kamwene, dada," na tangu hapo hakuniamkia kwa namna nyingine. Tulikunywa chai pamoja nikisubiri vipimo, akaniambia habari zake bila kuulizwa sana. Alikuwa kwenye miezi ya majaribio, imebaki michache. Akithibitishwa kazini angepata bima ya afya, na kwenye bima hiyo angeandikisha jina la mama yake, ambaye moyo ulikuwa unamsumbua na alikuwa anatibiwa hospitali ya Ikonda. Yeye mwenyewe alikuwa anakaa kwa shangazi yake, kijiji cha Mahongole.

"Nikithibitishwa tu, dada, nitapumua," alisema. Nakumbuka nilimwambia atathibitishwa, kwani wangempata wapi mwingine anayefika kazini kabla ya mlinzi.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita waliniita kwa sababu laini ilikuwa inakatika na kurudi. Tukitaka kupima laini, tunapiga lupu. Unachukua waya mfupi, wa kwangu ni wa njano, unaunganisha tundu la kutolea na tundu la kupokelea upande wa mteja. Chumba cha uangalizi Dar es Salaam kinatuma ishara, inafika Makambako, inakutana na lupu, inarudi ilikotoka. Ikirudi salama, laini ni nzima. Ila lupu ikiwepo, mteja hayupo kwenye laini. Dar wanapokea sauti yao wenyewe, na kwenye kioo chao kila kitu kinaonekana cha kijani.

Kwa hiyo kila fundi ana namna yake ya kujikinga asiisahau. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sasa amestaafu, alinizoesha kuning'iniza ufunguo wa gari kwenye lupu. Huwezi kuondoka bila ufunguo, kwa hiyo huwezi kuiacha lupu. Nimefanya hivyo miaka tisa. Mafundi wenzangu walikuwa wananicheka, nami nikawa nawaambia watacheka siku watakaporudishwa kutoka Mafinga kufuata kipande cha waya.

Jumatatu ile gari letu lilikuwa na ugonjwa wa kutowaka. Likizimwa, mpaka lisukumwe. Dereva akasema hazimi, na ufunguo ukabaki kwenye gari, injini inanguruma uani muda wote niliokuwa ndani. Nikapiga lupu, nikapima, nikakuta kichwa kimoja cha waya kimeshika vumbi, nikakisafisha, nikapima tena. Laini ikawa safi kabisa. Wakati huohuo bosi wangu wa mkoa akanipigia simu kwamba kuna mteja mwingine Njombe anapiga kelele na ofisi zinakaribia kufungwa. Dereva akapiga honi. Nikakusanya vifaa, nikafunga kwa ufunguo kabati letu la vifaa, lile lenye mlango wa kioo, nikamwambia yule binti tumemaliza, nikakimbilia kwenye gari huku mvua nyepesi ikininyeshea.

Tukiwa barabarani, kijana wa chumba cha uangalizi akanipigia ili afunge kumbukumbu ya kazi ile.

"Lupu umetoa?"

"Nimetoa."

Sikukusudia kudanganya. Nilijibu kama mtu anavyojibu "salama" akiulizwa habari za nyumbani. Yeye akaandika kwamba lupu imetolewa, na toka hapo ikawa imetolewa kwa kila mtu.

Jumanne asubuhi binti akapiga simu. Laini haifanyi kazi, kifaa chake kinaonyesha taa nyekundu. Nikawauliza Dar, wakaangalia, wakaniambia laini imenyooka, haijapoteza hata punje tangu jana. Nikampigia binti.

"Kwetu kuko kijani," nikamwambia. "Angalia upande wako."

"Nimeangalia, dada. Nimezima na kuwasha. Nimebadilisha na waya."

"Jana ulifanya nini kwenye kompyuta zako?"

Akasita. Akasema jana jioni, baada ya mimi kuondoka, alifunga printa mpya ya lebo na kubadilisha mpangilio kidogo. Nikacheka kidogo, kicheko kile cha mtu aliyempata mwizi.

"Basi tatizo umelijibu mwenyewe. Rudisha ulivyokuta."

Alirudisha. Alipiga tena saa sita, na saa tisa, na jioni kabla ya kufunga. Kila alipopiga sauti yake ilikuwa imepungua, na yangu ilikuwa imepanda. Meneja wake alikuwa amekwisha kusikia habari ya printa. Nani alimwambia? Mimi. Alinipigia mchana kuuliza, nikamweleza kwamba upande wetu ni salama na kwamba mtu wake alibadilisha mpangilio siku hiyohiyo. Nilimweleza kwa kirefu na kwa lugha ya kitaalamu, maana meneja alikuwa ananisikiliza vizuri.

Jumatano binti akaniomba niende. "Dada, naomba uje uangalie kwa macho. Hapa matunda yanajaa. Chumba cha baridi hakina nafasi, na wakulima wanazidi kuleta. Meneja ameniambia nisipolirekebisha leo, nisihesabu kuthibitishwa."

Nilimwambia siwezi kusafiri saa nzima kwenda kuangalia laini nzima. Hapo akasema kwa uangalifu sana, kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

"Dada, samahani. Ndani ya kabati lenu, kupitia kile kioo, naona kuna waya mfupi wa njano. Zamani haukuwepo. Sijui kama ni kitu."

Naomba nieleze nilivyojisikia, maana nimelifikiria mno. Sikushtuka. Sikujiuliza. Niliona hasira tu, kwamba mtu wa miezi ya majaribio anachungulia kabati langu na kunifundisha. Waya za njano ziko nyingi kwenye makabati yetu.

"Wewe kazi yako ni kompyuta," nilimwambia. "Kabati ni la kwetu, limefungwa, na ufunguo ninao mimi. Usinitafutie sababu. Ukishindwa kazi sema umeshindwa."

"Sawa, dada," akasema. "Samahani."

Alhamisi mteja akaandika barua rasmi, na bosi akaniamuru niende. Njia nzima nilikuwa nimenuna. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, malori yanatembea na taa, na mimi nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia yule binti mbele ya meneja wake. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilikuwa nimepanga hata pa kutulia kidogo ili yaingie.

Getini tulikuta watu. Akina mama wa Mahongole na vijiji vya jirani walikuwa wamekaa juu ya kreti zilizogeuzwa, wamejifunga vitenge hadi masikioni, na nyuma yao matunda yamefunikwa turubai. Mmoja akanifuata dirishani, akanionyesha parachichi, akalibonyeza kwa kidole gumba. Likabonyea.

"Hili juzi lilikuwa jiwe," akaniambia. "Fundi, mnatuonea."

Nikamwambia waulize wenyewe humo ndani.

Meneja wa pale ni mzee mpole, hapandishi sauti hata akiwa amekasirika, na hilo linatisha zaidi. Binti alikuwa amesimama nyuma yake. Macho yalikuwa yamemvimba. Akanisalimia kama kawaida, "Kamwene, dada," nikamwitikia kwa kichwa tu.

"Mama fundi, chumba nakuachia," meneja akasema. "Binti atasubiri huku nje. Sitaki tena aguse kitu."

Niliingia peke yangu, nikafunga mlango. Sikuhitaji hata kufungua kabati. Niliuona kupitia kioo, palepale nilipouweka Jumatatu kwa mikono yangu, umejikunja kutoka tundu moja kwenda la pili. Binti alikuwa ameuelezea sawasawa.

Nilikaa kwenye kiti chake. Kwenye meza yake kulikuwa na daftari, ameandika kila alichojaribu tangu Jumanne kwa mwandiko wa shule, saa kwa saa, na mstari mmoja amepigia chini mara mbili: waya wa njano, fundi amesema si kitu.

Mwaka uliotangulia nilipewa barua ya onyo kwa kumfokea mteja. Bosi aliniambia waziwazi kwamba ya pili itakuwa ya kuniaga. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na faili langu lilikuwa mezani kwake wiki ile. Dar kulikuwa na kumbukumbu inayosema nimetoa lupu, kwa kauli yangu. Hilo si kosa la kusahau tena, ni la kusema uongo kazini, na siku tatu za mteja juu yake. Niliwaona wanangu wamekaa kwenye mkeka na mabegi yao ya shule. Niliyawaza yote hayo kwa muda mfupi sana. Sitaki kusema nilichanganyikiwa. Akili yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri mno.

Nikafungua kabati, nikauchomoa. Nikarudisha waya wa mteja mahali pake. Taa ya kifaa cha binti ikageuka kijani, na chumba cha pili printa ikaanza kutoa lebo zilizokuwa zimekwama siku tatu, moja baada ya nyingine, bila kupumzika. Nikasikia watu wakipiga makofi. Mtu akakimbia kwenda getini kuwaambia wakulima. Nikausokomeza waya kwenye mfuko wa koti, nikafungua mlango.

"Afadhali," meneja akasema. "Tatizo lilikuwa nini?"

"Kulikuwa na mpangilio haujakaa sawa."

"Upande gani?"

"Laini yetu tumeikuta inafanya kazi," nikasema. Mtu akiitazama sentensi hiyo vizuri, haina uongo ndani yake. Nilijivunia jinsi ilivyokuja haraka.

Meneja akamgeukia binti. Binti hakuwa anamtazama meneja. Alikuwa anatazama mfuko wangu, ambako kichwa kimoja cha waya kilikuwa kimejitokeza.

"Dada," akasema taratibu, "ule waya wa njano umeutoa?"

"Waya gani?"

Ndiyo maneno niliyosema. Maneno mawili. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa.

Hakubisha. Nilitegemea abishe, na kwa kweli nilikuwa namwomba Mungu abishe, maana angebisha ningekasirika, na nikikasirika huwa najua la kufanya. Aliinua macho kutoka mfukoni hadi usoni kwangu, akayaacha hapo kidogo, halafu akainama kuchukua daftari lake. Daftari lile lilikuwa na kila kitu. Angeweza kumpa meneja alisome. Nadhani aliona kwamba mtu akishaamua kumtoa mwenzake kafara, karatasi haimzuii, na yeye alikuwa binti wa majaribio na mimi nilikuwa mama fundi.

Kwenye kufunga tatizo tunajaza fomu, na humo tunaandika chanzo. Niliandika: mabadiliko ya mpangilio upande wa mteja. Meneja akasaini chini yake bila kuvaa miwani. Tukaondoka. Kina mama pale getini walikuwa wanaingiza kreti zao, na yule wa parachichi akanipungia mkono, akanishukuru.

Mkataba wangu uliongezwa. Bosi alisema nimeikabili kesi ya mteja mgumu kwa utulivu.

Baada ya wiki mbili nilipiga simu kiwandani kwa shughuli nyingine, akapokea mwanamume.

"Yule dada yuko?"

"Hayupo. Aliachishwa."

Nilimuuliza lini, akasema siku ileile ya laini. Hawakungoja hata mwezi uishe. Niliweka simu mezani, nikaenda kuchemsha chai, nikaisahau jikoni hadi maji yakakauka. Wanangu walisema nyumba inanuka sufuria, nikawafokea.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, nimekulia pembeni mwa misheni, na nilifikiri huko kungenisaidia. Nilikwenda kitubio Jumapili tatu mfululizo bila kulitaja. Nilitaja hasira, nilitaja mdomo, nilitaja kukosa misa. Ya nne nikalitaja. Padri alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Yeye anajua?"

"Anajua, Padri. Aliniona."

"Umemwambia wewe?"

"Hapana."

"Basi mimi si wa kwanza kustahili kuambiwa," akasema. Akanipa malipizi ya kwenda kumtafuta.

Nilikwenda Jumamosi. Kutoka Makambako nilichukua bodaboda hadi Mahongole, nikaulizia, nikafika kwa shangazi yake. Shangazi alinipokea vizuri sana, akidhani naleta habari za kazi, akanionyesha njia ya kushuka bondeni kwenye kinyungu chao, kile kibustani cha kiangazi kinachopata unyevu wa mto. Nilimkuta ameinama, anamwagilia kabichi kwa kopo la rangi lililotobolewa. Hakuwa na sweta la bluu. Aliponiona alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaja.

"Kamwene, dada."

Nilitamani anitukane. Nilimwambia palepale, tumesimama kwenye matope: kwamba ilikuwa lupu, kwamba niliiacha mimi, kwamba aliniambia ukweli nikamfokea, kwamba niliuona waya nikaukana mbele yake. Nililia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, hadi akanishika mkono na kunikalisha kwenye gogo. Yeye hakulia.

"Nilijua, dada," akasema. "Nilisubiri useme pale. Nilivyoona hukusema, nikajua na wewe una watoto."

Nilimuuliza habari za mama yake. Akasema yuko Makete. Ikonda walimpangia kurudi kila mwezi, ila sasa amekosa miezi miwili, na miguu imeanza kuvimba. Alisema hivyo akiangalia kabichi. Nikamwambia nitafanya lolote. Mdomo wangu ni huohuo.

"Sikuombi unirudishe," akasema. "Pale wameshaweka mtu. Lakini nimeomba kazi sehemu tatu. Kila mahali wananiita, wananihoji, wanafurahi. Halafu wanapiga simu kiwandani kuuliza kwa nini niliacha. Wanaambiwa niliharibu laini, matunda ya watu yakaoza. Wananikata." Akaokota jani kavu kwenye gogo. "Niandikie barua, dada. Mistari miwili tu. Kwamba sikuwa mimi. Uweke jina lako, na jina langu, na sahihi. Nitakuwa naitembeza."

"Utaipata Jumatatu," nikamwambia.

Alinishukuru. Nilipoinuka, akaniambia nisubiri, akaenda kukata kabichi mbili kubwa, akazifunga kwenye mfuko, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Nilizipokea kwa mikono miwili. Wanangu walizila siku nne, na mdogo aliniuliza mbona mimi sili.

Jumatatu nilikaa kuandika. Juu niliweka, "Kwa yeyote anayehusika." Niliandika jina lake, nikaandika kwamba hakuhusika, na kalamu ikafika kwenye nani basi aliyehusika. Nikaona barua hiyo ikiingia ofisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwona mtu wa ofisi hizo akipiga simu kiwandani kuhakikisha, na meneja mpole akivaa miwani yake safari hii, akimpigia bosi wangu. Karatasi hiyo ikiwa na jina langu ni barua ya kuniaga ambayo nimejiandikia mwenyewe. Nikaichana. Jumatano nikaandika nyingine isiyosema nani, ikawa haisemi chochote. Nikaichana na hiyo.

Aliniandikia ujumbe. "Kamwene dada. Bado nasubiri." Nikajibu nina kazi nyingi, wiki hii hakika. Wiki ikapita. "Kamwene dada. Nimeitwa usaili Njombe mjini Alhamisi, kama itawezekana iwe kabla." Huo sikuujibu. Niliuacha umefunguliwa kwenye simu, nikawa nautazama kila nikishika simu kwa jambo jingine. Alhamisi ile nilikuwa juu ya ngazi kwa mteja mmoja hapa mjini, na kila nilipotazama saa nilijua yuko hatua gani: sasa ameingia, sasa wanamuuliza, sasa wanapiga simu. Ningeweza kushuka. Ofisi aliyokuwa anahojiwa haikuwa mbali na niliposimama. Niliendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

Ujumbe wa mwisho ulikuja Ijumaa. "Wamepiga simu kule. Nimekosa. Asante dada." Safari hiyo hakuanza na kamwene. Hajaniandikia tena, na nikipita Makambako napita upande wa pili wa stendi, nisije nikakutana naye au na shangazi yake.

Nimeendelea kujaribu. Kila jioni, wanangu wakiwa wanafanya kazi za shule, nakaa nao mezani na daftari langu. Juzi mkubwa aliniuliza naandika nini siku zote hizi, nikamjibu ni barua. Ndivyo ilivyoanza kweli, nilikaa kuandika mistari miwili. Kumbe nikiondoa majina kalamu inakwenda vizuri, nimejaza kurasa nzima, na humu nimekiri kila kitu bila kujificha. Leo nimeisoma yote mwanzo hadi mwisho. Jina lake halimo, la kiwanda halimo, langu halimo. Hakuna ofisi itakayoipokea.